Mlio Unaokuja Kazi Ikinyamaza: Kisa cha Laptopu ya Kibokoni

"Fundi, hii laptopu inalia kama mbu. Nikicheza sauti hainisumbui. Nikiisimamisha niandike, ndipo inaanza."

Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari la kazi siku ile ile aliponiletea. Ndiyo desturi yangu: mteja akieleza ubovu, naandika alivyosema yeye, si nilivyoelewa mimi. Hata hivyo ilinichukua siku tano kuirudia ile sentensi ya tatu na kuona kwamba jibu lilikuwamo tangu mwanzo. Nakiandika kisa hiki chote kwa ajili ya mafundi wenzangu, na kwa yeyote anayeishi na mashine inayolia huku akiambiwa ni masikio yake tu.

Mwenye laptopu ni mama mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Kazi yake ni kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa, mahojiano na mikutano, kisha kuyaandika neno kwa neno. Hufanya kazi usiku baada ya Isha, njia ikishatulia. Huvaa hedifoni, husikiliza sentensi mbili tatu, husimamisha, huandika, hurudia. Masikio yake ndiyo chombo chake cha kazi kama bisibisi ilivyo kwangu, na mtu wa namna hiyo akisema anasikia kitu, basi kitu kipo. Laptopu yenyewe ni mtumba wa Uingereza kama nyingi zinazotufikia hapa Mwembe Tayari: bodi (ubao mkuu wa sakiti ulio ndani) imara, herufi kadhaa za kibodi zimefutika, betri si ya awali.

Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mwingine kabla yangu. Huko aliambiwa ni feni, ikabadilishwa kwa shilingi 2,500. Mlio haukuondoka. Yeye anasema uliongezeka, maana zamani ulikuwa wa kusikika kwa mbali tu, sasa ulimfikia hata akiwa na hedifoni. Aliporudi kulalamika akaambiwa bodi inakufa, aanze kujipanga kununua mashine nyingine. Hili la "uliongezeka" pia niliandika, nikalipita. Nitalirudia.

Pale dukani sikusikia chochote. Mwembe Tayari mchana si mahali pa kusikilizia mlio mwembamba: makanga wanaita, tuktuk zinapiga honi, jirani ana genereta. Niliifunga laptopu ndani ya stoo nikaegemeza sikio kwenye kibodi, bado kimya. Hapo ndipo fundi hushawishika kumwambia mteja kwamba mashine ni nzima. Nilijizuia kwa sababu najua umri wangu. Sikio changa la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, yaani mitikisiko 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na miaka inapokwenda zile za juu ndizo zinazotoka kwanza. Mimi nina miaka 49. Kwa umri huu wengi wetu hatusikii tena milio ya juu ya hezi 15,000, na wengine imeshuka chini ya hapo. Kutosikia kwangu hakukuwa ushahidi wa kitu chochote.

Kwa hiyo nikaomba niende nyumbani kwao, saa zile zile anazofanya kazi. Mumewe akanikaribisha sebuleni, kahawa ikaletwa, laptopu ikawekwa juu ya meza pale pale inapokaa kila siku. Nikaketi nasikiliza. Kimya. Mtoto wao wa kiume, mwenye miaka tisa, alikuwa mlangoni anapaswa kuwa amelala. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Ami, linalia hilo. Husikii?"

Nikamwambia aje anionyeshe. Akaja, akaweka kidole upande wa kushoto, juu kidogo ya kibodi, karibu na bawaba ya skrini. Hakusita. Nikatoa simu, nikafungua programu inayoonyesha sauti kwa michoro, ile ambayo kila mlio unatokea kama mstari mahali pake, wa chini kushoto na wa juu kulia. Maikrofoni ya simu ya kawaida inafika karibu na kikomo cha sikio la binadamu, na hilo linatosha. Nilipoisogeza pale alipoonyesha mtoto, mstari mwembamba ukasimama kwenye hezi 13,400 hivi. Nikaisogeza upande wa kulia, ukafifia. Nikairudisha, ukasimama tena. Kisha nikamwomba mama apandishe na kushusha ukurasa kwa vidole viwili. Ule mstari ukapasuka, ukashuka hadi hezi 6,000 na kitu, ukatetemeka, na hapo na mimi nikasikia: sauti kama ukucha unaopitishwa juu ya kioo taratibu. Mama akafumba macho. "Ndiyo hiyo," akasema.

Sasa tulikuwa na mlio ambao watu watatu tunaukubali na simu inauona. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua unatoka wapi.

Feni niliitoa kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyoshtakiwa. Feni ya laptopu huongeza na kupunguza kasi polepole, ikifuata joto; haiwezi kubadili sauti kwa kila kidole kinachogusa ukurasa. Zaidi ya hayo, tuliizima mashine ikapoa, tukaiwasha upya, na ndani ya dakika ya kwanza mlio ulikuwepo wakati feni haijaanza hata kuzunguka. Unaweza kuhakikisha kwa kuweka kipande cha karatasi ya shashi kwenye tundu la hewa: kisipotikisika, feni imesimama. Diski nayo haikuchukua muda, kwa sababu mashine ina SSD, haina kitu kinachozunguka. Ingekuwa diski ya zamani ya mizunguko 5,400 kwa dakika ningeitilia shaka, maana hizo zikichoka hulia kwa sauti moja isiyobadilika, na zikianza kugonga tik-tik mwenye data akimbilie kuinakili usiku huo huo.

Spika: tukazima sauti kabisa, kisha tukachomeka hedifoni. Mlio ulibaki mezani, haukuingia masikioni. Kwa hiyo ulikuwa mlio wa hewani, unatoka kwenye kitu kinachotikisika ndani ya mashine. Skrini: taa za nyuma za skrini nyingi hupunguzwa mwangaza kwa kuzimwa na kuwashwa haraka haraka, na katika viwango fulani hilo huimba. Tuliushusha mwangaza hatua kwa hatua hadi chini, mstari kwenye simu haukusogea.

Ikabaki chaja, na hapa nilikosea. Nilichomoa chaja, mlio ukakatika. Nikaona nimemaliza kisa. Niliwaambia chaja yao imechoka, kesho yake nikawaletea nyingine nzima, na usiku huo mama akanipigia: linalia vile vile. Kosa langu lilikuwa la haraka. Chaja inapochomolewa mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Umeme unaacha kutoka ukutani, ndiyo, lakini pia Windows inahamia mpango wa matumizi ya betri: prosesa, ubongo wa mashine, inapunguzwa kasi, mwangaza unashuka, programu za nyuma zinalazwa. Sekunde chache za kimya nilizozisikia zilikuwa za mashine kupanga upya mambo yake. Lau ningesubiri dakika mbili, ningemwona mtoto akiinua kidole tena. Anayejaribu chaja na asubiri, na aiegemezee sikio chaja yenyewe, kwa sababu chaja mbovu hulia pale ilipo sakafuni, haihamii kwenye bawaba ya skrini.

Ndipo nikafungua daftari. "Nikiisimamisha niandike, ndipo inaanza."

Niliisoma ile sentensi mara kadhaa. Mashine inayolia ikifanya kazi nzito ni jambo la kawaida. Hii ilikuwa inalia ikipumzika. Nikarudi Kibokoni, nikafungua video nzito, prosesa ikapanda: mstari kwenye simu ukatoweka, na mtoto akatikisa kichwa, hakuna. Nikaifunga video, nikaacha mikono mapajani. Baada ya kama sekunde tatu mtoto akasema, "Limerudi." Tukarudia mara sita. Mara zote sita ilikuwa hivyo.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua umeme unavyofika kwenye prosesa. Chaja ya laptopu huleta volti 19 au 20. Prosesa inataka karibu volti 1, na inataka kwa wingi. Katikati kuna swichi ndogo za transista zinazofunguka na kufunga mara laki kadhaa kwa sekunde, na baada yake koili, kile kijisanduku cha kijivu cheusi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kinachosawazisha mapigo hayo yawe mkondo tulivu. Pembeni yake kuna kapasita za kauri, vihifadhi vya umeme, nyingi na ndogo kama punje za ufuta. Kila pigo la umeme linaivuta koili kwa nguvu ya sumaku, nayo inatikisika kidogo mno. Kapasita nazo zina tabia yake: zile nyingi zimetengenezwa kwa kauri ya bari na titani, na kauri hiyo hunyumbuka volti inapopanda na kushuka. Kapasita moja ni ndogo, haiwezi kusikika peke yake, lakini imechomelewa kwenye bodi. Kapasita inakuwa kidole, bodi inakuwa ngozi ya ngoma.

Mapigo laki kadhaa kwa sekunde hakuna sikio linaloyasikia. Shida inakuja kazi inapopungua. Kidhibiti cha umeme kinaona hakuna haja ya kupiga mapigo yote, kinapiga fungu moja, kinanyamaza, kinapiga jingine. Ni kama mvua kwenye bati. Ikinyesha kubwa unasikia mvumo mmoja. Ikipungua, unaanza kusikia matone. Mafungu hayo yakija elfu kadhaa kwa sekunde, yameshaingia eneo la sikio. Juu ya hilo prosesa ina ngazi za usingizi, na kwenye ngazi ya kina, ile inayoitwa C6, volti ya kiini chake inashushwa karibu na sifuri, kisha inarudishwa pale inapoamka. Kila kulala na kuamka ni pigo kwenye zile kapasita.

Hili si jambo jipya. Waliotumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, katika miaka ya 2000 watakumbuka kwamba toleo la 2.6 lilikuja na mipangilio ya kuiamsha prosesa mara 1,000 kwa sekunde, na laptopu nyingi zikaanza kulia kwa hezi 1,000 kamili. Watu waligundua kwamba kuchomeka tu kipanya cha USB kunanyamazisha mlio, kwa kuwa kiliizuia prosesa kuingia usingizi wa kina. Mwaka 2007 toleo la 2.6.21 likaondoa ule ulazima wa kuamka bila sababu. Kwa Windows, kawaida ni kuamka mara 64 kwa sekunde, lakini programu nyingi za kucheza sauti huomba mashine iamke kila milisekunde moja. Hapo sentensi ya mama ikaeleweka yote. Anapocheza mazungumzo, prosesa kila ikiamka inakuta kazi, kwa hiyo haipati usingizi mzito. Anaposimamisha ili aandike, inalala. Kuandika kwa kibodi ni kazi nyepesi sana kwa mashine, ni kama hakuna anayeigusa. Kwa hiyo mlio ulimjia hasa katika ile nafasi ya utulivu anayoihitaji ili akumbuke alichosikia.

Lakini kwa nini uliongezeka baada ya feni kubadilishwa? Feni haikuhusika, fundi aliigusa tu. Nikaichukua mashine tena dukani, nikasubiri hadi saa tatu usiku jirani alipozima genereta, mpwa wangu mwenye miaka 17 akaja kuniazima masikio yake. Tukafungua kifuniko cha chini, mashine ikiwaka kwa betri tu, chaja imechomolewa. Hilo la chaja nalisisitiza: ndani ya laptopu inayotumia betri volti ni ndogo, lakini ndani ya chaja kuna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300 kwa umeme wetu wa 240, na inaweza kubaki nazo hata ikichomolewa. Usifungue chaja kutafuta mlio.

Mpwa wangu akakunja karatasi ya daftari kama mrija, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha juu ya bodi kwa umbali wa shilingi moja au mbili zikilazwa. Mrija wa namna hii unashinda vyombo vingi vya bei. Alipita kwenye feni, kimya. Akapita kwenye soketi ya chaja, kimya. Alipofika kwenye koili tatu zilizopangana kando ya prosesa akasimama. "Hapa, mjomba." Nikachukua kijiti kikavu cha mti, cha kuchomea mishkaki, nikaigandamiza koili ya kwanza taratibu. Hakuna kilichobadilika. Ya pili, ya tatu, vile vile. Kisha nikagandamiza ukingo wa bodi yenyewe, kiasi cha sentimita mbili kutoka kwenye koili, na mlio ukafa. Nikaachia, ukarudi. Nikagandamiza, ukafa.

Nikamulika kwa tochi. Pale nilipokuwa nagandamiza palikuwa na tundu la skrubu, pete yake ya shaba inang'aa, na hakuna skrubu. Mahali pengine pote skrubu zilikuwepo. Feni ya mashine hii haiwezi kutoka bila kulegeza kona hiyo ya bodi. Aliyeibadilisha aliifunga upya akabakisha moja, na kona ya bodi iliyo karibu kabisa na kapasita zinazonyumbuka ikabaki huru kutikisika. Mlio ulikuwepo tangu zamani, mdogo, wa kusikiwa na mtoto. Baada ya hapo ngozi ya ngoma ikalegezwa, ukawafikia watu wazima.

Skrubu ya kipimo hicho ninazo kopo zima, kutoka kwenye mashine zilizokufa. Nikaichagua yenye urefu sawa, kwa kuwa ndefu kuzidi inaweza kutoboa au kugusa kitu upande wa pili, nikaikaza kwa nguvu ya vidole viwili. Mstari kwenye simu ukashuka hadi ukaribie kuzama ndani ya kelele za kawaida za chumba. Mpwa wangu alisema bado anausikia akiinamia mashine, akiketi wima hausikii.

Tungeweza kuishia hapo. Nilijaribu pia njia nyingine ili nimpe mama uamuzi wenye uzito. Ndani ya bayosi ya mashine hii, programu ya msingi inayoiamsha kabla ya Windows, kuna sehemu ya kuzima ngazi za usingizi wa prosesa. Nilipoizima mlio uliondoka kabisa, hata kwa mrija. Lakini mashine ikawa na joto ikiwa haifanyi lolote, feni haikupumzika, na betri iliyokuwa ikimpeleka karibu saa nne haikufika saa tatu. Kwa Mombasa, Februari na Machi ambapo chumba kina joto la nyuzi 30 na zaidi, sipendi kuiacha mashine iwe macho usiku kucha. Anayekaa kwenye chaja wakati wote na asiyeweza kuvumilia mlio, hiyo ni njia ya halali. Ila ajue gharama yake.

Njia ambayo sitaifanya ni ya kumwagia koili gundi. Nimeletewa mashine tatu mwaka huu zilizofanyiwa hivyo. Koili za laptopu za siku hizi nyingi zimeshafinyangwa ndani ya kitu kigumu, gundi ya nje haiongezi kitu, na kama wanaoimba ni kapasita, umetibu mguu kwa maumivu ya jino. Kibaya zaidi ni ile silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki. Harufu ile ni asidi inayotoka gundi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba. Moja ya zile mashine tatu ilikuwa na rangi ya kijani pembezoni mwa gundi, na chumvi ya bahari yetu ilikuwa imeshaanza kusaidia. Iliingia ikilia kidogo, ilitoka haiwaki.

Nilimrudishia mama laptopu yake siku ya Alhamisi baada ya Isha. Nikamweleza yote mawili, skrubu na bayosi. Akaketi, akavaa hedifoni, akacheza mazungumzo, akasimamisha, akaandika mstari mzima. Akavua hedifoni. Akaandika mwingine. "Sisikii," akasema, "niachie hivi hivi." Mtoto akaja akainama mpaka pua ikakaribia kibodi. "Lipo," akasema, "lakini limekwenda mbali." Bayosi nikaiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Chaja niliyowaletea kwa kosa nikaichukua. Kisha mama akanionyesha bahasha ya khaki aliyoihifadhi kabatini: ndani yake feni ya zamani, ile iliyotolewa kwa kuambiwa ndiyo inayolia. Nikaenda nayo dukani nikaiunganisha na umeme. Ilizunguka bila mkwaruzo wowote, mhimili wake haujalegea, na mstari kwenye simu haukuonyesha kitu. Nimeisafisha vumbi na kumrudishia kwenye bahasha ile ile, nikaandika tarehe juu yake. Hewa ya chumvi ya Mji wa Kale haiziachi feni muda mrefu, na siku ile mpya itakapoanza kukwaruza, hiyo ndiyo tutakayoirudisha.